Mafuta ya Akiba Safarini: Dumu, Jerikeni au Tangi la Pili?

Kabla hujauliza bei ya chombo cha kubebea mafuta, uliza kwanza kama unakihitaji. Kila lita ya ziada ni uzito, ni pesa, na ikiwa ni petroli ni hatari unayosafiri nayo pamoja na watu wako. Wengi wanaofunga madumu manne juu ya keria hurudi nayo mjini yakiwa bado yamejaa, kwa sababu hawakupiga hesabu kabla ya kuondoka.

Tuchukue safari ambayo wakazi wengi wa Dar es Salaam na Iringa wanaijua: Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kutoka Iringa mjini hadi Msembe, makao makuu ya hifadhi, ni kama kilomita 130, na sehemu kubwa ni vumbi. Kwenda na kurudi ni 260. Ukikaa siku tatu ukizunguka kutazama wanyama, kilomita 100 kwa siku si nyingi, kwa hiyo ongeza 300. Jumla 560. Juu yake weka robo nzima ya akiba, kwa ajili ya kupotea njia, kukwama kwenye mchanga wa mto au kumsaidia mwenzako aliyekwama. Umefika kilomita 700, ukichukulia kwamba hutajaza tena mpaka urudi Iringa.

Sasa tazama tangi la gari lako. Land Cruiser mkonga, ile ya kazi yenye injini ya dizeli ya 1HZ, ikiwa na tangi la lita 130 na inakula lita 15 kwa kilomita 100 za porini, itatumia lita 105. Haihitaji hata chupa moja ya ziada. Hilux ya dizeli yenye tangi la lita 80 inayokula lita 12 itataka lita 84, nayo jerikeni moja inaitosha kwa raha. Prado ya petroli yenye tangi la lita 87 itataka karibu lita 98: hapo tena ni jerikeni moja. Suzuki Jimny, pamoja na ulaji wake mdogo wa lita 10, ina tangi la lita 40 tu, na safari hii inataka lita 70. Mwenye Jimny ndiye anayehitaji majerikeni mawili, na yeye ndiye mwenye gari dogo kuliko wote la kuyabebea. Hii ndiyo sababu ninasema anayenunua gari la porini aulize ukubwa wa tangi kabla ya kuuliza redio na viti. Tangi kubwa la kiwandani ndilo lililo salama kuliko kitu chochote utakachokifunga baadaye.

Ulaji wa gari uupime mwenyewe. Jaza tangi mpaka pampu ijikate, tembea barabara ya vumbi, jaza tena kwenye sheli ileile, gawanya. Takwimu za kitabu hazikupimwa kwenye barabara ya vumbi, na mchanga mzito au gia ndogo huweza kuzipandisha kwa theluthi au zaidi. Na usitegemee sana kununua njiani. Vijijini mafuta yapo, kwenye mapipa na kwenye chupa za maji zilizopangwa juu ya meza kando ya barabara, lakini unayanunua kwa bei ya juu na hujui yamechanganywa na nini. Uchakachuaji wa petroli na dizeli kwa mafuta ya taa ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Tanzania iliamua kuyawekea mafuta vinasaba ili kuwanasa wachakachuaji. Injini ya zamani ya 1HZ inaweza kuvumilia lita kumi za dizeli chafu. Injini za kisasa zenye nozeli za shinikizo kubwa hazivumilii, na bei ya kubadilisha nozeli hizo ni kubwa kuliko bei ya vyombo vyote nitakavyovitaja hapa.

Jambo la pili linaloamua uchague nini ni aina ya mafuta yenyewe. Watu huyasema kwa pumzi moja, petroli na dizeli, ilhali kwa usalama yako mbali mno. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Dizeli inahitaji ipashwe mpaka ipite nyuzi 50 ndipo mvuke wake ushike. Maana yake ni kwamba kwenye joto la Mikumi, petroli iliyomwagika iko tayari kuwaka wakati wowote, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa: unatambaa chini, unajaa kwenye sakafu ya gari, unalifuata shimo mpaka ukutane na cheche. Kiasi kidogo tu kinatosha, kiasi cha asilimia moja na nusu hivi ya hewa iliyopo. Taifa zima la Tanzania liliona nguvu ya petroli tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipopinduka na watu wakaenda kuchota. Walikufa zaidi ya 100. Kwa hiyo mwenye gari la dizeli ana nafasi ya kuchagua kwa bei. Mwenye gari la petroli hana nafasi hiyo, na nitakuwa mkali kwake katika kurasa hizi.

Tuanze na kinachopatikana kila mahali: dumu la plastiki la lita 20 lililokuwa na mafuta ya kula. Bei yake ni shilingi elfu chache, na mengine hupewa bure. Ukilitazama kwa karibu utaona kwa nini halifai. Kifuniko chake hakina mpira wa kuziba, ndiyo maana watu hukata kipande cha mfuko wa nailoni, wakakiweka mdomoni mwa dumu, halafu wakafunga juu yake kwa nguvu. Petroli inaulegeza ule mfuko, gari likianza kurushwa na barabara mafuta yanachuruzika kwenye shingo, na harufu inajaa ndani. Ukuta wa dumu ni mwembamba. Ukikaa juani unavimba, na jua la miezi michache huufanya ukakamae na kupasuka kwenye kona za chini, pale pale panaposuguana na bodi. Mvuke hupenya hata kwenye plastiki yenyewe. Juu ya hayo, plastiki haipitishi umeme, kwa hiyo chaji inayozalishwa na mafuta yanapotiririka haina pa kwenda, na cheche moja ndogo hapo mdomoni inatosha. Ndiyo sababu vituo vingi hukataa kulijaza, nao wahudumu wanaokataa wanakufanyia hisani. Kwa petroli dumu hili halina bei nafuu, kwa sababu halifanyi kazi unayolilipia. Kwa dizeli, kama huna namna nyingine, kwenye bodi ya pikapu iliyo wazi, kwa siku moja, linaweza kukuvusha. Zaidi ya hapo sikushauri.

Jerikeni la chuma la lita 20 ndilo ninalolipendekeza kwa wengi, na inafaa kueleza kwa nini, maana lilibuniwa na watu waliofikiri sana. Ni la Kijerumani, la mwaka 1937, lililotengenezwa kwa ajili ya jeshi. Wakati huo Waingereza walikuwa wakibeba petroli kwenye bati jembamba la galoni nne, yaani debe lilelile ambalo Afrika Mashariki tunalitumia mpaka leo kupimia mahindi. Katika jangwa la Afrika ya Kaskazini madebe yale yalivuja ovyo kwenye maungio, sehemu kubwa ya mafuta ikapotelea mchangani, na askari walipoyateka majerikeni ya adui waliyathamini mno. Waingereza na Wamarekani waliishia kuunda ya kwao kwa mfano huohuo.

Shika moja mkononi uliangalie. Lina mishikio mitatu: wa kati kwa mtu mmoja, ya pembeni kwa watu wawili wakisaidiana, na ukiwa na majerikeni mawili matupu unayashika yote kwa mkono mmoja. Mbavu zake zenye umbo la msalaba zinauacha ukuta utanuke na kusinyaa bila kupasuka. Nyuma ya mishikio pana uvimbe unaobaki na hewa hata jerikeni likijazwa, na hewa hiyo ndiyo nafasi ya mafuta kutanuka. Kifuniko hakizungushwi, hufungwa kwa wenzo unaobana chini kwa nguvu na kufungiwa kwa pini, na ndani ya shingo pana mrija mwembamba wa kuingiza hewa ili mafuta yamiminike bila kugugumia.

Bei yake kwa kawaida iko kati ya dola 30 na 60 za Marekani, yaani takribani shilingi 75,000 hadi 160,000 za Tanzania, au shilingi 4,000 hadi 8,000 za Kenya, kutegemea ubora na kodi. Ukipiga kwa lita, ni dola moja na nusu hadi tatu kwa kila lita ya nafasi. Petroli ikiwa karibu shilingi 3,000 za Tanzania kwa lita, jerikeni zuri ni kama mara mbili ya bei ya mafuta litakayobeba, na likitunzwa litafanya kazi miaka 15 au zaidi. Hakuna chombo kingine kinachokaribia thamani hiyo.

Lakini sokoni yapo ya namna mbili. Yale ya bei ya chini kabisa yana bati jembamba, rangi ya ndani inayobanduka, na mpira wa kifuniko usiohimili petroli. Rangi iliyobanduka huenda moja kwa moja kwenye chujio la mafuta, na gari linazimika mahali pabaya. Ukiwa dukani, fungua kifuniko, washa tochi ya simu, uangalie ndani. Unataka kuona rangi laini iliyoenea kila mahali, bila kutu na bila mabaka. Bonyeza ubavu kwa kidole gumba. Ukibonyea kirahisi, rudisha. Tafuta alama ya Umoja wa Mataifa iliyogongwa kwenye bati: duara lenye herufi u na n, kisha 3A1 kwa jerikeni la chuma au 3H1 kwa la plastiki, kisha herufi X au Y. Petroli iko kwenye daraja la pili la hatari, na X au Y ndizo zinazoruhusu daraja hilo. Z haitoshi. Ukifika nyumbani, tia lita mbili za mafuta, funga, lilaze chali nje juu ya boksi la karatasi lililokunjuliwa, mbali na jiko na watoto, uliache usiku kucha. Boksi likiwa kavu asubuhi, umenunua vizuri. Likiwa na doa, badilisha mpira wa kifuniko kabla ya kulaumu jerikeni, kwa kuwa mara nyingi kosa liko hapo, na mpira huo ni bei ndogo sana.

Ya jeshi yaliyotumika nayo huuzwa, na mengine ni mazito na imara kuliko mapya. Sharti ni tochi na boksi lilelile. Yakiwa na kutu ndani, yaache. Usikubali fundi akuahidi kuyasafisha kwa kokoto na kuyachomelea palipotoboka: chombo kilichowahi kubeba petroli kinabaki na mvuke hata kikionekana kikavu, na moto wa kuchomelea umewaua mafundi wengi kwa namna hiyo.

Kuna plastiki ya aina nyingine, nene, iliyotengenezwa mahsusi kwa mafuta. Hiyo si ndugu wa dumu la mafuta ya kula. Haishiki kutu, haitoi mlio wa kugongana, na ni nyepesi. Nikiwa na gari la dizeli la kufanyia kazi pwani, ambako chumvi inakula chuma, ningeichagua bila kusita. Kasoro yake ni umri. Kanuni za kimataifa za usafirishaji wa vitu hatari huruhusu chombo cha plastiki cha aina hii kitumike miaka mitano tu tangu kilipotengenezwa, na tarehe hiyo imechapwa kwenye ukuta wake. Kwa hiyo usinunue lililokaa dukani miaka mitatu kwa bei ya jipya. Katika kundi hilohilo yamo yale mapana na membamba yanayofungwa kwa skrubu kubwa ubavuni mwa gari au kwenye keria, kama RotopaX ya Marekani. Yanapendeza na yamekaa imara kweli, lakini moja la galoni mbili, chini ya lita nane, hufika dola 80 na zaidi. Hiyo ni zaidi ya dola kumi kwa kila lita. Labda mwenye Jimny, ambaye hana nafasi, anaweza kujitetea. Wengine wote wananunua sura.

Tangi la pili, au tangi kubwa linalochukua nafasi ya lile la kiwandani, ni habari nyingine. Yale yanayotoka Australia na Afrika Kusini huanzia kama dola 1,000 na kupita 2,000 kabla ya meli, ushuru na fundi. Kwa dola 1,500 ungenunua zaidi ya lita 1,000 za petroli. Faida yake ni kwamba mafuta yanakaa chini, katikati ya fremu, mbali na abiria, yana njia yake ya hewa na kuta za ndani zinazozuia yasiyumbe. Hakuna kunyanyua, hakuna kumimina, hakuna harufu. Kampuni ya watalii ambayo magari yake yanakwenda Natron na Loliondo kila juma inapaswa kulinunua, na ikilinganisha na muda na hatari ya kumimina kila safari, pesa zitarudi. Kwa mtu wa safari mbili kwa mwaka hazitarudi kamwe. Kwanza aangalie kama gari lake lina nafasi ya tangi la pili kutoka kiwandani: Land Cruiser za modeli ya 78, kwa mfano, kwa masoko mengine zilitoka na matangi mawili ya lita 90 kila moja, na vipuri vyake hupatikana.

Kuna njia ya mkato ambayo ni lazima niitaje kwa kuwa inajulikana sana: kumpa fundi wa mtaani akukatie bati na kukuundia tangi. Bei ni sehemu ndogo ya la kununua. Nimeona kazi nzuri za mafundi wetu kwenye keria, bampa na fremu, wala siwadharau. Lakini tangi la mafuta lisilo na kuta za ndani, lisilo na valvu ya hewa inayojifunga gari likipinduka, lililoungwa kwa kuchomelea bila kupimwa kwa shinikizo, litapasuka kwenye maungio baada ya kilomita elfu chache za barabara ya mawimbi, na litavuja juu ya bomba la moshi. Kwa petroli, hapana.

Ukishachagua chombo, mahali pa kukiweka panahesabika sawa na chombo chenyewe. Katika chumba cha abiria hakiwekwi, hata kama ni jerikeni bora, hata kama ni mwendo wa saa moja. Kikivuja kidogo tu, mvuke umefungiwa pamoja na watu na kiberiti cha sigara na nyaya za umeme. Kwenye pikapu jibu ni rahisi: bodini, nyuma ya kabini, kisimame wima, kibanwe kwa mkanda wa kukaza kwenye ukuta wa mbele, na chini yake kuwe na kipande cha mpira ili kisisugue chuma. Kwenye gari lililofunikwa lote, kama Prado, imebaki keria au bampa ya nyuma.

Keria ina sifa ya hewa nyingi na ya kumimina kwa urahisi, kwa kuwa mafuta yanashuka yenyewe. Ubaya wake ni uzito ulio juu. Lita 20 za petroli ni kilo 15 hivi, za dizeli karibu 17, na chuma chenyewe kinaongeza kilo nne au zaidi. Majerikeni mawili ya dizeli yanapita kilo 40. Magari mengi ya aina hii huruhusiwa kubeba juu ya paa kati ya kilo 50 na 100 tu, na uzito wa keria yenyewe umo humo, kwa hiyo ukishaweka hema na tairi la akiba umevuka kiwango. Kitabu cha gari kinataja namba hiyo. Mwenye gari refu na jembamba alitazame vizuri: gari lililoinama kwenye kingo za mto halihitaji msukumo mkubwa kupinduka. Bampa ya nyuma inashusha uzito, lakini inaweka mafuta mahali pa kwanza kugongwa, na mara nyingi karibu na bomba la moshi. Ningeweka huko dizeli. Petroli ningeiweka juu, majerikeni mawili mwisho, mbele ya ekseli ya nyuma, yamelala chali na vifuniko vikiwa upande wa juu. Ubavuni mwa gari, pale panapopitia miiba na mawe, sipapendi kwa chochote.

Kujaza kuna kanuni moja inayovunjwa kila siku: chombo kikijazwa, kiwe chini ardhini. Ukikiacha bodini juu ya zulia la plastiki au ndani ya gari, umeme tuli unaozalishwa na mafuta hauna njia ya kushuka, unabaki ukingoja chuma cha nozeli. Shusha, weka kwenye saruji, mwambie mhudumu aweke nozeli igusane na mdomo wa jerikeni muda wote, na ajaze taratibu. Simu iwe mfukoni, sigara isiwepo. Ishia lita 20, na usiliinamishe jerikeni kando ili kupata lita nyingine kwenye ule uvimbe wa hewa. Petroli hutanuka karibu asilimia moja kwa kila nyuzi kumi za joto. Lita 20 zilizojazwa alfajiri zikipata joto la nyuzi 20 zaidi zitataka karibu mililita 400 za nafasi.

Mwinuko nao una kazi yake, na watu wa pwani husahau. Jerikeni lililofungwa Dar es Salaam likifika ukingo wa Ngorongoro, mita kama 2,300 juu ya usawa wa bahari, liko kwenye hewa yenye shinikizo dogo kwa karibu robo. Litavimba, na mbavu zake zitalia. Hilo si hitilafu. Ila ukilifungua kwa papara, petroli itakurukia usoni. Lifunike kwa kitambaa, liache kivulini, nyanyua wenzo kidogo mpaka usikie pumzi ikitoka, ndipo ufungue.

Wakati wa kumimina, zima injini na uisubiri ipoe, dakika 15 si nyingi. Simamisha gari mahali pa upepo, abiria washuke na watoto wasogee mbali, jiko la chai lizimwe. Kunyanyua jerikeni la kilo 20 begani na kulenga shimo la tangi ni kumwaga tu. Nunua mpira wa kufyonza wenye valvu ya shaba mwishoni: unauzamisha kwenye jerikeni lililo juu, unautikisa mara chache, mafuta yanaanza kushuka yenyewe. Ni dola 10 au 15, na ni pesa nzuri kuliko zote utakazotoa kwa ajili ya safari hii. Kuvuta kwa mdomo, desturi iliyozoeleka katika gereji na stendi zetu, kunaharibu mapafu. Tone la petroli au dizeli likiteleza kwenye njia ya hewa laweza kusababisha ugonjwa mkali wa mapafu. Aliyemeza asilazimishwe kutapika, maana akitapika ndipo yanapopata njia ya kuingia mapafuni. Apelekwe kituo cha afya. Faneli iwe na chujio la waya mwembamba, na kila jerikeni liandikwe kwa rangi kubwa, P au D, pande zote mbili.

Usisubiri taa ya akiba iwake ndipo umimine. Tangi likishapata nafasi ya lita 20, mimina. Unapunguza uzito juu ya paa mapema, unaondoa hatari nje ya gari, na unafanya kazi hiyo mchana, mahali ulipopachagua. Mtungi wa kuzimia moto wa unga mkavu, wa kilo mbili na si ule mdogo wa kilo moja, uwe mlangoni kwa dereva. Petroli ikishika, usimwage maji, tumia unga au mchanga.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Mwenye Land Cruiser ya tangi kubwa asinunue kitu, ajaze sheli ya mwisho. Mwenye Hilux au Prado anunue jerikeni moja la chuma lenye alama, au mawili akienda Katavi au ziwa Turkana, pamoja na mpira wa kufyonza na mtungi wa kuzimia moto. Kampuni inayokwenda mbali kila juma ifunge tangi la pili kutoka kiwanda kinachojulikana. Na wewe uliye na dumu la plastiki nyumbani, liache libebe maji, ila tu kama halijawahi kuwekewa mafuta.